Mancala na nakala: ukinunua bao ndani ya boksi, unanunua nini?

Hebu tuanze na boksi lenyewe. Mwaka juzi binamu yangu alirudi likizo kutoka ughaibuni na zawadi za kila mtu. Mimi, kwa sababu familia nzima inajua napenda michezo ya mezani, nililetewa boksi zuri la kadibodi limeandikwa "Mancala" kwa herufi za dhahabu. Ndani mna ubao unaokunjika katikati, vishimo sita huku, vishimo sita kule, shimo refu kila mwisho, na mfuko wa gololi bapa za kioo za rangi rangi. Nyuma ya boksi wameandika kwamba huu ni mchezo wa kale wa Afrika, una maelfu ya miaka.

Nikalipeleka kwa babu. Babu anacheza bao kila siku baada ya alasiri, kwenye baraza, na wenzake watatu waliobaki kati ya saba. Akaligeuza ubao, akahesabu vishimo kwa kidole, akaniuliza: "Mjukuu wangu, nusu nyingine wameiacha wapi?"

Nilicheka. Ila swali lile halikunitoka, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kwa sababu ukiingia dukani leo, au ukitafuta mtandaoni, mchezo unaouzwa kwa jina la mancala karibu kila mara ni huo huo: safu mbili, vishimo sita, kete nne nne. Unatolewa upya kila mwaka na makampuni tofauti, kwa mbao, kwa plastiki, na kwa programu za simu. Na kila boksi linakuambia ni wa kale. Sasa, je, ni kweli? Na kama si kweli, ni nani aliyeutunga, na nini kiliachwa njiani?

Tuanze na jina. "Mancala" linatokana na Kiarabu, kitenzi *naqala*, maana yake kuhamisha kitu kutoka hapa kwenda pale. Ni jina linaloeleza mkono unavyofanya kazi: unachota kete kwenye shimo moja, unazihamisha moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu neno hilo tunalo nyumbani. Mzizi huo huo ndio uliotupa *nakili* na *nakala*. Kwa Kiarabu kuhamisha maneno kutoka karatasi moja kwenda nyingine nako ni *naqala*. Kwa hiyo mancala na nakala ni ndugu wa tumbo moja. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Wanazuoni wanatumia mancala kama jina la ukoo mzima wa michezo, na ukoo huu ni mkubwa sana. Afrika Magharibi kuna wari, au awale. Uganda kuna omweso. Malawi wanacheza bawo. Ethiopia wana gebeta. Kazakhstan kuna togyzqumalaq, Uturuki kuna mangala, Ufilipino kuna sungka. Pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa na visiwani, kuna bao. Inayofanana ni michache: mashimo, kete zisizo na mwenyewe kwa rangi, na ule mwendo wa kusambaza kete moja moja. Kila kitu kingine kinabadilika. Kuna safu mbili, tatu na nne. Kuna wanaokula kete mbili na tatu tu, kuna wanaokula zilizo mkabala. Kwa hiyo ukisema "ninajua kucheza mancala," ni kama kusema "ninajua kucheza karata." Karata zipi?

Je, ukoo huu una umri gani? Hapa ndipo boksi linapokwenda mbio kuliko ushahidi. Tatizo la mwanaakiolojia ni rahisi kulielewa. Mchezo huu unahitaji mashimo na mbegu. Watu wanachimba mashimo mchangani, wanacheza, wanaondoka, mvua inanyesha, basi. Mbao zinaoza. Yanayobaki ni mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba, na mwamba haukuambii mashimo yalichongwa lini. Mchungaji wa juzi anaweza kuchonga safu mbili za vishimo kwenye jiwe la hekalu la miaka elfu tatu, kisha mtalii akapiga picha na kuandika "mancala ya miaka elfu tatu." Kweli kuna mashimo kwenye majengo ya kale ya Misri, na kuna vipande kutoka eneo la Aksum, huko Eritrea na Ethiopia, ambavyo watafiti wengi huvitaja kama ushahidi wa mapema. Ila safu ya vishimo inaweza pia kuwa ya kuhesabia mali, au ya kutwangia. Shimo halina lebo.

Maandishi yanatupa ardhi imara zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1620 mfanyabiashara Mwingereza, Richard Jobson, alisafiri kwenye mto Gambia, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1623 alieleza wenyeji walivyocheza kwa ubao wenye mashimo na vijiwe. Mwaka 1694 Thomas Hyde, mwanazuoni wa Oxford, alichapisha kitabu cha Kilatini kuhusu michezo ya Mashariki, na mancala imo. Miaka ya 1890, Stewart Culin wa Marekani aliandika makala ndefu na kuuita mancala mchezo wa taifa wa Afrika, kana kwamba Afrika ni taifa moja. Na mwaka 1932 mwanaanthropolojia Melville Herskovits aliandika kuhusu wari katika Ulimwengu Mpya, yaani katika visiwa vya Karibi na pwani ya Suriname. Hapo tafadhali simama kidogo. Watu waliovuka Atlantiki wakiwa wamefungwa minyororo hawakuruhusiwa kubeba ubao wala mfuko wa kete. Walichobeba ni sheria, kichwani. Walipofika walichonga ubao upya, wakatafuta mbegu nyingine, na mchezo ukaendelea mpaka leo, Antigua wanaucheza. Hiyo ndiyo nakala ya kwanza katika hadithi yetu, na haikuhitaji boksi.

Sasa tuje kwenye nakala ya pili.

Mwaka 1940, Mmarekani aitwaye William Julius Champion, aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale, alitunga mchezo akauita Kalah. Alikuwa amesoma habari za ukoo wa mancala na akaona kwamba una kitu cha kuwafaa watoto wa Marekani: kinafundisha kuhesabu bila mtoto kujua anafundishwa. Akachukua safu mbili, akaweka ghala kila mwisho, akapanga sheria ambazo mtoto wa miaka saba anazielewa kwa dakika tano. Katika miaka ya 1950 alianza kuuza kibiashara, na habari zilizouzunguka mchezo wake zilipenda kurudi nyuma miaka elfu kadhaa, mpaka Sumeri.

Ukilitazama boksi langu sasa, unaona mambo yalivyokuwa. Sheria zilizomo ni za Kalah. Unasambaza kinyume cha mwendo wa saa. Ukipita kwenye ghala lako unadondosha kete moja, la mwenzako unaliruka. Kete ya mwisho ikiingia ghalani mwako, unacheza tena. Ikiangukia shimo tupu upande wako, unachukua hiyo pamoja na zilizo mkabala. Upande mmoja ukiisha kete, mchezo umekwisha, mwenye nyingi ghalani ameshinda. Yaani, kwa lugha nyepesi, mchezo "wa maelfu ya miaka" ambao watoto wengi duniani wanaufahamu kwa jina la mancala ulitungwa mwaka ambao vita vya pili vya dunia vilikuwa vinaendelea. Babu ni mkubwa kuliko mchezo huo.

Usinielewe vibaya. Kutunga mchezo mpya kutokana na wa zamani si dhambi. Chesi ya leo ni nakala ya nakala ya mchezo wa India. Champion alifanya kazi nzuri ya kurahisisha. Na kisheria hakuna aliyeibiwa: katika nchi nyingi hakimiliki hailindi sheria za mchezo. Inalinda michoro, maandishi ya kitabu cha maelezo, na alama ya biashara inalinda jina. Njia ya kucheza ikishatoka, ni ya watu wote.

Ila lipo jambo moja ambalo mpenzi wa michezo ya mezani anatakiwa kulijua, na linahusu majina. Labda unaifahamu hadithi ya Monopoly. Mwanamke Mmarekani, Elizabeth Magie, alipata hataza ya mchezo wake, The Landlord's Game, mwaka 1904. Alitaka kuonyesha ubaya wa wenye ardhi kujilimbikizia mali. Watu wakaunakili kwa mkono, nyumba kwa nyumba, kwa miaka thelathini, mpaka mtu mwingine, Charles Darrow, akauuza kwa kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935 kama kazi yake. Darrow akawa tajiri. Magie alilipwa dola 500 kwa hataza yake ya pili, bila sehemu yoyote ya mauzo. Mchezo ulibaki, hoja yake ikapotea: ubao uliotungwa kukemea ulimbikizaji ukawa ubao wa kuusherehekea.

Nimeileta hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha mchezo hupoteza nini unaponakiliwa. Mara nyingi haupotezi vipande. Unapoteza maana, na unapoteza sehemu ngumu. Basi tuangalie sehemu ngumu ya mancala iliyoachwa nje ya boksi langu. Kwa mfano nitatumia bao, kwa sababu ndilo ninaloweza kulieleza, na kwa sababu babu aliuliza nusu nyingine iko wapi.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32. Kete ni 64, 32 kwa kila mchezaji, na kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe unaoota ufukweni. Safu mbili ni zako, mbili za mwenzako. Katika safu ya mbele kuna shimo moja, aghalabu la mraba, linaloitwa nyumba. Mnapoanza, kila mmoja anaweka kete 6 nyumbani, na 2 mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Hizo ni 10. Zilizobaki 22 zinakaa mkononi.

Hatua ya kwanza inaitwa namua. Kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi kwenye shimo lenye kete la safu ya mbele. Kama mkabala wake, upande wa mwenzako, kuna kete, umekula. Na ukiweza kula, ni lazima ule. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo bao linapoachana na Kalah moja kwa moja. Kete ulizokula hazitoki mchezoni. Haziendi ghalani. Unazichukua na kuzisambaza upande wako mwenyewe, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mkabala kuna kete, unakula tena. Mkabala pakiwa patupu, unazoa za shimo hilo na kuendelea. Unaendelea hivyo hivyo mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu. Hapo umelala, zamu imekwisha. Kama huna cha kula, unatakata, yaani unasambaza bila kula. Kete za mkononi zikiisha mnaingia hatua ya pili, mtaji, ambapo mnacheza kwa zilizomo ubaoni tu. Unashinda kwa kumaliza kete za safu ya mbele ya mwenzako, au akikosa mchezo.

Nyumba nayo ina utaratibu wake. Ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako iliyo hai, una hiari: ulale hapo, uihifadhi, au usafiri, uibomoe na kuendelea. Uamuzi huo mmoja, kulala au kusafiri, ndio unaowafanya wazee wanyamaze barazani kwa dakika nzima.

Sasa tuweke sayansi mezani, maana hii si porojo tu ya kwamba chetu ni bora.

Mwaka 2000, watafiti Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walionyesha kwamba Kalah ya vishimo sita na kete nne, ile ile ya boksini, imetatuliwa. Kutatua mchezo maana yake ni hii: kompyuta imejua matokeo iwapo pande zote mbili hazikosei hata mara moja. Na jibu ni kwamba anayeanza anashinda. Unaweza kuanza kuionja siri hiyo mwenyewe. Hesabu vishimo vyako kutoka kushoto, chota cha tatu. Kete nne zitaingia cha nne, cha tano, cha sita na ghalani. Hujamaliza hata sekunde tano, una pointi na unacheza tena.

Miaka miwili baadaye, 2002, John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, walitatua awari, toleo la wari ya Afrika Magharibi. Walitumia kompyuta yenye vichakataji 144, ikahesabu hali 889,063,398,406 za ubao. Jibu: pande zote zikicheza bila kosa, ni sare. Linganisha hayo mawili. Mchezo uliorahisishwa kwa ajili ya duka unampendelea anayeanza. Mchezo wa karibu wa ukoo huo huo, uliosuguliwa na vizazi vya wachezaji bila kompyuta wala kalamu, ukatoka sawa kabisa. Sisemi mababu walipiga hesabu za hali bilioni 889. Nasema kwamba mchezo unaochezwa na watu wengi kwa muda mrefu unapata marekebisho: sheria inayoonea upande mmoja italalamikiwa, na itabadilishwa.

Na bao? Bao halijatatuliwa, na sababu yake inafurahisha. Njia mojawapo kuu ya kutatua michezo kama awari ni kuanzia mwisho. Unaorodhesha hali zote zenye kete moja ubaoni, unajua mshindi. Kisha zenye mbili, ukitumia majibu ya zenye moja. Kisha tatu, mpaka 48. Njia hii inafanya kazi kwa sababu kete zilizoliwa hutoka na hazirudi, kwa hiyo ubao unazidi kuwa mwepesi. Ni kama kupanda ngazi, kila kidato kimeegemea cha chini yake. Katika bao hakuna ngazi hiyo. Kete hazitoki. Katika hatua ya mtaji zote 64 zimo ubaoni tangu mwanzo mpaka mwisho, zinabadilisha mwenyewe tu. Hakuna hali nyepesi ya kuanzia.

Ukitaka kujua ukubwa wake, piga hesabu hii: kuna njia ngapi za kugawa kete 64 katika mashimo 32? Ni kuchagua 31 kati ya 95, na inatoka takriban moja ikifuatiwa na sifuri 25. Si kila mgao unaweza kutokea kwenye mchezo halisi, lakini hata hivyo, hesabu ya Amsterdam ilikuwa na tarakimu 12 tu. Kuna kioja kingine: mwaka 2006 watafiti walichapisha ushahidi kwamba katika bao kuna mipango ya kete ambayo zamu moja ikianza haiishi kamwe. Unasambaza, unazoa, unasambaza, milele. Kompyuta lazima ifundishwe kusimama. Mzee wa barazani anakuambia tu, "Acha, hiyo imezunguka."

Binadamu wanawezaje basi? Swali hilo lilimleta Zanzibar mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, aliyechapisha tasnifu yake Leiden mwaka 1995 kuhusu umahiri katika bao na mipaka ya akili. Kwenye chesi, bingwa anafikiri hatua kadhaa mbele, lakini kila hatua inahamisha kipande kimoja, mara chache viwili. Kwenye bao, zamu moja inaweza kubadilisha karibu ubao mzima. Bingwa analazimika kusambaza kete zote kichwani, kula, kurudi kichwani, kusambaza tena, na kujua atalala wapi, kabla hajagusa kete yoyote. De Voogt alichunguza hata mabingwa wakicheza bila kuutazama ubao. Kwa sayansi ya kumbukumbu hiyo ni dhahabu. Na wanaoijua ni watu ambao barazani tunawaona kama wamestaafu na hawana kazi.

Sasa nirudi kwa babu, kwa sababu deni langu liko kwake.

Baada ya swali lile niliamua kuandika sheria zake. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilichukua daftari, nikakaa naye, shikamoo, marahaba, tukaanza. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukanishinda. Nilimuuliza: nyumba ikiwa na kete chini ya sita, bado ni nyumba? Akajibu. Mwenzake akapinga. Yule wa tatu akasema kwao Pemba walicheza hivi, na yule wa nne, ambaye ndiye aliyewafundisha wote, alifariki mwezi wa Ramadhani uliopita. Wakanyamaza. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimechelewa. Kuna swali ambalo mtu mmoja tu angelimaliza, na nilikuwa na miaka yote ya shule kumuuliza.

Hiyo ndiyo sababu sikasirishwi na boksi. Boksi halikuua kitu. Lilichofanya ni kuhifadhi sehemu rahisi na kuipeleka mbali, na kuacha sehemu ngumu pale ilipokuwa, kwenye vichwa vya watu. Wakati sehemu rahisi inachapishwa upya kila Krismasi, sehemu ngumu inapungua mtu mmoja mmoja. Linganisha na wenzetu: mwaka 2020 UNESCO iliingiza togyzqumalaq, toguz korgool na mangala katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki. Nchi tatu zilikaa pamoja, zikakubaliana kwamba mchezo wa mashimo na kete ni akili, na akili inatunzwa.

Kwa hiyo, wewe unayependa michezo ya mezani, na labda unafikiria kununua boksi la mancala kwa ajili yako au mtoto, ushauri wangu ni huu.

Kwanza, soma sheria kabla ya kusoma sifa. Ukiona safu mbili, vishimo sita, ghala mwishoni na "cheza tena," hiyo ni Kalah. Inunue tu, ni nzuri kwa mtoto wa miaka sita mpaka kumi, inafundisha kuhesabu na kusubiri zamu. Ila usimwambie ndiyo mancala yote.

Pili, rekebisha kasoro ya anayeanza. Tumia sheria ya keki, ile ya nyumbani: mmoja akate, mwingine achague. Mchezaji wa kwanza anacheza zamu yake, kisha wa pili anaamua abaki alipo au wageuze ubao. Anayeanza hatathubutu tena kuchagua mwanzo mtamu mno.

Tatu, ubao huo huo wa boksi unacheza wari vizuri kabisa, vishimo kumi na viwili na kete 48 zinatosha. Ghala zitumie kuwekea ulizokula tu. Umelipa mara moja, umepata michezo miwili, na wa pili ni wa sare.

Nne, ukinunua bao, liwe la mbao au la kwenye simu, angalia mambo matatu: nyumba ipo? namua ipo, au wameanza moja kwa moja na kete zote ubaoni? na kete zilizoliwa zinarudi ubaoni? Ikikosekana nyumba na namua, umeuziwa bao la kujifunzia, lile la watoto. Si vibaya, wengi tulianzia hapo. Lakini ujue ulichokishika.

Tano, na hili halinunuliwi. Mtafute anayecheza. Mpe shikamoo, kaa, usiguse kete mpaka ukaribishwe. Uliza: kwenu nyumba inabomolewa vipi? Uliza: mtu akikosa cha kula namua, anaruhusiwa kutakata kutoka wapi? Rekodi sauti, kwa ruhusa yake. Andika tarehe na mahali. Majibu yakitofautiana na ya mzee mwingine, usichague aliye sahihi, andika yote mawili. Tofauti hizo ndizo mwanasayansi wa kesho atakazozihitaji kujua mchezo ulisafiri vipi.

Nilisema mancala na nakala ni ndugu. Champion alinakili akapata Kalah. Watu wa Antigua walinakili, kwa kumbukumbu peke yake, wakapata wari kamili. Zote ni nakala, ila moja ilifanywa ili mchezo uuzike, na nyingine ili usipotee.

Daftari langu sasa lina kurasa kumi na moja. Maswali manne bado hayana jibu moja. Boksi la binamu lipo barazani, gololi zake za kioo babu amezipenda, anasema zinateleza vizuri mkononi. Tumezichanganya na komwe zilizopungua, na ubao wake wa zamani umetimia tena kete 64.